Nilivyomimina asali ya ruracio yangu kwenye mashine ya kuchapa

Wakuu wa jukwaa, mũrĩ ega?

Nakaribia miaka tisini lakini keyboard bado naiona. Hii ni true story. Mkionja chumvi mahali, ni yangu, lakini nyama yenyewe ni ya kweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mchana nilikuwa kibarua kiwandani Thika, jioni night school. Siku niliyopata cheti nilijiona msomi kuliko DO mwenyewe, yule afisa wa mkoloni.

Nyuma ya duka la Mhindi mmoja pale Thika kulikuwa na mashine kuukuu ya kupiga chapa, ile ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Kuku walikuwa wanatagia humo, lakini mimi niliona biashara yangu ya kuchapa.

"Chukua," Mhindi akaniambia, "niondolee takataka."

Nikaipeleka kwetu Gitothua, pale Ruiru, kwa mkokoteni wa punda. Ilikuwa nzito, nakwambia tukivuka reli, reli ilipinda!

(Kibali cha kuchapa nacho kilisumbua kupata. Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, haikuwa imeisha, na karatasi ziliogopwa kuliko bunduki.)

Wiki tatu nilisugua kutu kwa mafuta taa na mchanga. Gurudumu likazunguka. Herufi za madini ya risasi nikaziosha moja moja kwa sabuni.

Shida ikabaki rola, zile za kupaka wino kwenye herufi. Panya walikuwa wamezila, zimebaki vyuma vitupu.

Fundi wa yule Mhindi alinicheka. "Kijana, rola ni gundi ya seremala na molasi. Pika, simamisha chuma ndani ya paipu, mimina, ngoja igande."

Molasi sikuwa nayo. Lakini nyumbani kulikuwa na asali.

Sasa hiyo asali, wakuu, Baba aliiweka ya kutengeneza njohi, pombe ya wazee, ya kupeleka Mugutha kwa kina Nyambura, mchumba wangu. Ruracio yangu mwenyewe, yaani mahari! Na kwetu bila njohi hakuna mzee anayefungua mdomo kuongea mambo ya msichana.

Nikasema nachota kidogo tu. Rola ya kwanza ikatoka na mashimo. Ya pili ikapasuka. Ya tatu na ya nne zikatoka laini kama shavu la mtoto.

Kuangalia mtungi, imebaki ya kulamba. Na nyuki wote wa Ruiru wako kwangu.

"Kamau, asali ya wazee iko wapi?" Baba akauliza.

"Iko kwa mashine, Baba."

"Mashine inakunywa?"

Nikajifanya nafukuza nyuki. Akasema, "Basi Jumamosi utaoa hiyo mashine."

Nyingine hatukupata. Tukatengeneza njohi na kile kidogo kilichobaki. Mimi nikakanyaga mashine siku mbili, nyuki wakinisimamia kama manyapara.

Jumamosi, Mugutha. Baba yake Nyambura akaonja, akatema kando.

"Haya ni maji ya kuoshea kibuyu. Mnatudharau?"

Wazee wakaanza kuchukua fimbo zao waondoke. Nikamwona Nyambura mlangoni, ameshika mwimo wa mlango, hanitazami.

Nikasimama, nikaungama yote. Kisha nikatoa kadi nilizochapa, kila mzee na jina lake, herufi kubwa nyeusi. Majina Nyambura ndiye alikuwa amenitajia.

Baba yake akashika yake. Akatoa kipande mfukoni, kile kitambulisho cha serikali ambacho askari walikidai kila mahali, akaviweka pamoja kwenye goti.

"Hii askari ataniuliza?"

"Hapana, Baba. Hakuna wa kuuliza. Ni yako."

Akarudisha kipande mfukoni, kadi akaiweka ndani ya kofia, akaivaa.

"Asali utaleta, na utaleta mara mbili," akasema. "Lakini kaeni. Tuongee."

Asali nilipeleka, mitungi miwili. Nyambura tuko naye mpaka leo, anasema hapa nimeongeza chumvi. Na wale wazee ndio walikuwa customers wangu wa kwanza: kadi za harusi, risiti za maduka, ratiba za kanisa, vyote kutoka chumba kimoja cha udongo pale Gitothua.

Nililojifunza: ukiwa na ndoto kubwa, omba kwanza. Baba angenipa nusu ya ile asali na ningemaliza kazi bila kumwaibisha mbele ya watu.

Haya, nanyi semeni. Mara ya kwanza kuona jina lako limechapishwa, lilikuwa kwenye karatasi gani?