Jibu Lisilosikika Kwenye Kanda

Wimbo ule nimeukuta kwenye vituo vya mabasi, kwa vinyozi na misibani, kwa lugha ninazozijua na nyingine ninazozibabaisha tu. Kila kwaya inauimba kwa namna ileile. Mwimbaji anauliza, "Nikichoka, nani atanibeba?" Wote wananyamaza. Anauliza tena, "Nikianguka, nani ataniinua?" Kimya kingine. Ng'ambo ya mpaka, mwalimu mmoja wa kwaya alinieleza kwa uso mzito kuwa kimya hicho ni cha sala, na anayekohoa hapo hutozwa faini.

Nilipomsimulia hayo mtunzi mwenyewe, alicheka mpaka akaiweka chini suruali aliyokuwa akiipinda.

"Sala gani? Pale anaimba mdogo wangu!"

Mtunzi huyo ni fundi cherehani, na mji mzima unamwita Mama Gitaa. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuingia na gitaa kanisani kwao, enzi ambazo gitaa lilikuwa chombo cha vilabuni. Wazee wa kanisa walimwita wakamwambia kwamba chombo kile kimezoea walevi.

"Na mimi nawashonea walevi suruali," akawajibu. "Mbona sadaka ya mkono huu mnaipokea?"

Wakamruhusu ajaribu Jumapili moja. Jumapili hiyo haijaisha mpaka leo. Nyimbo zake zilitoka kanisa moja hadi jingine, mwishowe akaja mtu mwenye mitambo akitaka kuzirekodi.

Walirekodia katika chumba cha nyuma cha duka, magodoro yameegemezwa ukutani, kipaza sauti kimoja kinaning'inia darini. Wakati huo watu walipangwa kwa ukali wa koo: mwenye sauti ndogo mbele, mwenye sauti kubwa nyuma. Mdogo wake Mama Gitaa aliitwa Tarumbeta, na hilo halikuwa jina la utani la bure. Fundi mitambo alimrudisha nyuma, akamrudisha tena, mpaka akamtoa nje ya mlango kabisa. Kutoka huko nje Tarumbeta akaimba majibu yote: "Yupo, yupo karibu." Chumbani waliyasikia. Kanda haikuyasikia. Mwenye mitambo hakuwa na subira ya kurudia, ikauzwa hivyohivyo, na kwaya zote zilizojifunza kutoka kwenye kanda ile zikajifunza na lile pengo.

Tarumbeta alipojitambulisha sokoni kuwa naye ameimba, wenzake walimcheka. "Tumesikiliza mbele na nyuma, shoga, wewe hatukukusikia. Au uliimba kwa ishara?" Akaacha kwaya. Akaacha hata kuimba akiosha vyombo. Ndugu hawa wawili hawakugombana. Wanaishi ua mmoja, wanaazimana chumvi na kulea wajukuu pamoja. Ila ule wimbo hawakuutaja tena.

Sasa kifua cha Mama Gitaa kimechoka. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatazama jirani kaanika nini. Kanisa lilipotaka kurekodi upya nyimbo zake kabla sauti haijakatika, alitoa sharti moja: majibu yaimbwe na mwenyewe, Tarumbeta. Nilikuwepo mchana ule alipomwambia mdogo wake, wakichambua mboga kwenye baraza.

"Dada, niache," Tarumbeta alisema bila kuinua macho. "Watu wamekipenda kile kimya. Leo nikiimba, watasema bibi kizee kauharibu wimbo."

"Wimbo ni wangu. Akiuharibu mtu, mimi ndiye wa kulalamika."

"Wako waimbaji vijana, wana sauti kama asali."

"Asali nimekatazwa na daktari." Mama Gitaa akavuta pumzi. "Mdogo wangu, miaka yote hii nauliza, na sijibiwi. Pumzi imebaki kidogo. Utaniacha niuulize ukuta?"

Tarumbeta alichambua mboga mpaka majani mazuri akayatupa pamoja na mabovu. Kisha akasema, "Nitakusindikiza. Kuimba sijaahidi."

Studio ya siku hizi ni chumba kidogo chenye kioo, na fundi mitambo wake alikuwa binti aliyewaamkia kwa adabu, akawaeleza kuwa kila mtu hurekodiwa peke yake. Mama Gitaa akasimama mbele ya kipaza sauti na gitaa lake. Tarumbeta akakaa kwenye kiti pembeni, amepakata mkoba wa dada yake kama aliyekuja kumtazama mgonjwa. Mimi nilibaki upande wa pili wa kioo, pamoja na binti.

"Nikichoka, nani atanibeba?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. Kimya kikapita kama kilivyopita siku zote.

"Nikianguka, nani ata..."

Neno lilimkatikia. Vidole viliendelea na gitaa, mdomo ulibaki wazi, hakuna kilichotoka. Akageuza kichwa kumtazama mdogo wake.

"Yupo," Tarumbeta akaimba palepale kwenye kiti, mkoba mapajani. "Yupo, yupo karibu."

Kioo kilitetemeka. Taa za mitambo ziliruka hadi kwenye nyekundu. Binti aliinua mkono kuwasimamisha, akafikiri, akaushusha polepole.

Walipomaliza, akawachezea walichokiimba. Mama Gitaa alikuwa ameketi, anahema. Tarumbeta alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Huyo nani?"

"Ni wewe, bibi," binti akamwambia.

"Siyo mimi. Huyo ni marehemu mama yetu." Akamgeukia dada yake. "Dada, si ndiye mama huyo?"

"Ndiye. Ulidhani nakubembeleza kwa ajili yako peke yako?"

Tarumbeta alijifuta macho kwa kiganja, akauweka mkoba sakafuni, akasimama.

"Binti, mpe dada maji apumzike kwanza. Kisha turudie. Ubeti wa pili nimeuharakisha."