Samaki ya Taa Kwenye Mahari ya Muhindo

Shida yangu ilianza mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi: baba alikufa, nikaacha primaire, nikaanza kubeba makayabo, ile samaki ya chumvi, kwa kichwa, kutoka ziwa mpaka soko ya Butembo. Iyo shida haikunipa haya hata siku moja. Haya niliipatia kule muji wa Beni juzi juzi, nikiwa tayari muzee wa kofia, mbele ya familia mbili nzima, na niliitafuta mimi mwenyewe.

Tulienda kutoa mbuzi za mahari ya Muhindo, mutoto wa marehemu mudogo wangu, na mimi ndiye nilikuwa musemaji. Kwetu Banande musemaji hakuyi na maneno ya jana, anakuya na mufano mupya, na mufano ndio unafungua mulango. Na mulango wa kwao Kavira, bibi arusi, ulikuwa muzito: ule binti iko na agence ya douane kule Kasindi, kwa mupaka, malori inamungoja yeye, na Muhindo ni mutumishi wake, anapiga cachet, ule muhuri, kwa makaratasi. Bajomba ya binti balikuwa banasema wazi kwamba kijana wetu hapana kuoa, anaolewa. Kazi yangu ilikuwa kumuinua.

Wiki ile mujukuu wangu Masika alinionesha kwa telefone samaki ya chini kabisa ya bahari, kule jua haifikake: nyeusi, mudomo kubwa, meno kama misumari, na kwa kipaji ya uso ufito wenye taa inawaka yenyewe, samaki zingine zikikuya kuangalia taa zinamezwa. Kwa tumbo yake kulikuwa kasamaki kengine, kadogo kama kidole, kamebandikwa.

“Sokulu, babu yangu, ngoja kwanza, ile ndogo...”

“Nimeelewa,” nikamwambia, nikaenda zangu. (Nimeuzisha samaki maisha yote, mutoto wa secondaire anifundishe nini?)

Siku yenyewe, kasiksi, pombe ya ndizi, ikiwa imepita, nikasimama, nikapiga kifua: “Mume ni ile samaki kubwa, ndiye anabeba taa kwa giza. Muke anajibandika kwake, ngozi inaungana na ngozi, damu na damu, anakula kile mume anakula. Muhindo ndiye taa!” Ba kwetu bakapiga mikono, na pale ningekaa, mais nilijisikia mutamu, nikaongeza: “Kwa mambo ya samaki hakuna wa kunishinda hapa. Kama iko, asimame, mimi nitakaa na sitafungua kinywa tena!”

Tantine ya Kavira, shangazi yake mwalimu wa biologie, akasimama polepole.

“Muzee wetu, wasingya, aksanti kwa mufano. Mais ile ya taa ni muke.”

“Nani?”

“Ile kubwa. Mume ndiye ile kadogo. Taa hana, iko na pua kali tu ya kumunusia muke kwa giza. Akimupata anamuuma, haachilii tena, anaishi kwa damu yake. Macho inaisha, matumbo inaisha, inabaki...” (akakohoa, kwa sababu ya heshima ya bazee) “inabaki tu kitu ya kuzalisha.”

“Donc huyo ni Muhindo wetu!” mujomba mumoja akapiga kelele, na kiwanja kizima kikaanguka kwa kicheko, hata muke wangu niliona meno yake.

Mimi, pahali ya kunyamaza, nikapaza sauti: “Uongo! Mume mwenye heshima angemuacha, aende kwa mwingine!”

“Hawezi kutoka, muzee. Mais muke, kuna aina zingine, anaweza kubeba baume bengi kwa mara moja.”

“Kavira! Bengine bako wapi?” mujomba akaita.

Hapo nikamuangalia Muhindo, alikuwa anaangalia udongo. Nilikuya kumuinua, nikamutundika kwa tumbo ya muke mbele ya bakwe zake.

Mujomba mukubwa hakucheka tena. Akasema: “Hata ba kwao banajua kijana anaolewa. Bachukue mbuzi zabo, baende.”

Muhindo akasimama (bwana arusi hasemake kwa mahari yake, ni kosa, linalipishwa mbuzi).

“Baba mukubwa, kaa. Bajomba, ni kweli, nilifika Kasindi bila viatu, Kavira akanipa kazi. Mais macho yangu iko bado. Nimemuona, namutaka. Kama niko mudogo, basi niko mudogo wake.”

Na Kavira, ndani ya nyumba kule anafichwa, akapiga kelele: “Mbuzi hapana kurudi!”

Bakakubali. Mbuzi ya kosa nililipa mimi, bila kusema neno, juu niliapa mwenyewe. Na tangu ile siku, mutoto akinifundisha kitu, ninakaa chini, namungoja amalize.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma Butembo, depot ya makayabo, malori mbili, shamba ya kahawa Mutwanga, batoto saba wenye diplome. Kiti ya musemaji sina. Iko na Kakule, mudogo wangu mwingine, na tukienda kwa mahari mimi nakamata kamba za mbuzi kule inje, mpaka baniite kula.