Teke la Baba kwenye kikao cha kupinga karate

Leo nimemnyang'anya mjukuu wangu simu kwa ajili ya mchezo wa kupigana. Papo hapo nikamkumbuka marehemu baba.

Miaka ya sabini, hapa Bagamoyo, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akaitisha kikao: sinema za karate zinaharibu watoto, na wazazi tumelala.

"Wanaruka hivi," akasema.

Akapandisha kanzu, akaruka, akageuka hewani, akarusha teke. Birika la kahawa likaenda chini.



Mama akauliza taratibu, "Baba Salma, kumbe kila Alhamisi ukiniaga unakwenda darsa, ndiyo mnafundishwa haya?"

Nami msinicheke.

Simu nimeirudisha, kabla mjukuu hajauliza nani alifika levo ya saba jana yeye akiwa shule.