Pete za Spoku

Fimbo ya kwanza ya kuvulia niliyoiona ikitengenezwa Bujumbura ilikuwa antena. Ilikuwa imesimama miaka mingi kwenye bampa la gari la shirika moja huko Kinindo. Gari lilipouzwa, antena ikang'olewa, na mlinzi akaileta Buyenzi kwa fundi baiskeli mmoja, kwa sababu walinzi wote wa Kinindo walijua kwamba mzee yule ananunua antena. Mimi nilikuwa nimepita pale kujaza upepo tu. Baiskeli haikuwa yangu. Niliahidi kumrudishia mwenyewe, kule Ruziba, kabla ya adhuhuri. Niliirudisha jioni.

Antena zile zimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Ni nene chini, nyembamba juu, na unaweza kuzikunja sana bila kuzivunja. Fundi aliegemeza shina chini, akaikandamiza ncha kwa kiganja na kuiviringisha taratibu. Ikafika mahali ikaruka yenyewe, ikageukia upande mmoja. Akarudia, ikaruka palepale. Akatia alama ya chaki.

"Unaangalia nini, kijana?" akaniuliza.

"Kwa nini inageuka?"

"Kila fimbo iko na mugongo. Ukifunga pete bila kujua mugongo, siku samaki anavuta fimbo inakugeukia mu mukono."

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimeacha vitu vingine vingi. Nimechoma mikate Uvira, nimebeba magunia bandarini, nimekuwa baharia wa boti la mizigo mpaka Kigoma. Sikufukuzwa mahali popote. Niliondoka tu, mara nyingi siku ile kazi ilipoacha kunishangaza. Kwa fundi yule nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na baada ya wiki mke wake akaanza kuniwekea sahani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Kishikio kilitoka kwenye kandambili kuukuu: tulizikata vipande vya mviringo, tukavitoboa katikati, tukavibana kwenye shina na kuvisugua kwa msasa. Pete za kupitishia mshipi tulizikunja kutoka spoku za baiskeli, maana spoku ndizo tulizokuwa nazo nyingi kuliko kitu chochote. Kila pete ilifungwa kwa uzi wa cherehani, mzunguko ukigusana na mzunguko, kisha ikapakwa gundi inayokauka kama kioo. Hapo ndipo paliponishinda. Gundi ikiachwa, hutiririka na kuganda upande mmoja. Kwa hiyo fimbo hulazwa juu ya vigingi viwili, na mtu hukaa kando yake kutwa nzima akiigeuza, robo mzunguko, anangoja, robo mzunguko. Mara mbili nilitoka "kunywa maji" nikarudi baada ya saa nzima. Fimbo mbili zikaharibika. Fundi hakunigombeza. Alizisugua gundi yote, akaniambia nianze upya.

Juu kidogo ya kishikio, kila fimbo yake ilikuwa na mzingo wa uzi wa kijani. Watu wa Kiriri waliokuja kuagiza waliutafuta huo kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine. Nilimwomba na mimi niwe na rangi yangu.

"Rangi ni jina," akasema. "We leo uko hapa, kesho sijui wapi. Mutu akileta fimbo imevunjika, nitamuonyesha nani?" Kisha akafikiri. "Utatengeneza moja mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho. Ikienda ikarudi muzima, utabaki na rangi yako. Ikirudi mbovu, tutaongea mengine."

Nilijua mengine hayo ni yapi. Kulikuwa na ndugu wa mke wake aliyekuwa akiingoja nafasi yangu.

Fimbo hiyo ikawa ya shofere mmoja wa lori aliyekuwa akileta mizigo kutoka Dar es Salaam. Kule alikuwa akingoja mzigo wiki nzima, mara nyingine mbili, na alikuwa amezoea kwenda ufukweni na mshipi wa mkono. Alitaka fimbo moja ya kutumia huku ziwani na kule baharini, ya vipande viwili, ili ikae nyuma ya kiti.

"Wale wavuvi wa pwani wananiita muvuvi wa bwawa," alisema. "Eti Tanganyika ni bwawa! Fundi, nitengenezee kitu kitawafunga midomo."

"Ntakibazo, hakuna shida," nikajibu mimi, kabla fundi hajafungua kinywa.

Niliitengeneza kwa siku tisa. Nilichagua spoku mpya, nikazing'arisha, nikazipaka vanishi mara tatu. Nilikaa kando ya vigingi na sikuenda kunywa maji. Fundi alipitisha unyuzi wa pamba ndani ya kila pete, kama alivyokuwa akifanya siku zote, kuona kama utanasa. Haukunasa. Akafunga bido la lita tano, lenye maji nusu, kwenye mshipi, akalinyanyua. Hakuna pete iliyosogea. Akaniruhusu nifunge uzi mwekundu.

Shofere akarudi baada ya wiki sita. Hakupiga kelele. Aliilaza fimbo mezani akavuta kigoda, akakaa. Chini ya kila pete kulikuwa na mchirizi wa kahawia, kama machozi. Pete ya tatu ilikuwa imevimba kwa kutu mpaka ikawa na meno.

"Nilimukamata kolekole," alisema, "samaki wa urefu huu, wallahi. Watu wamesimama wanaangalia. Akavuta mara moja, mara ya pili, mushipi ukakatika hapo." Akaigusa ile pete. "Munajua waliniuliza nini? Kama fundi wetu anafungaga na misumari ya jeneza."

Fundi alinitazama. "Ulipaka vanishi mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," akarudia. Aliijua kazi yangu. Alikuwa ameikagua yeye mwenyewe. Pete kama hizo ziwani hudumu miaka.

Mke wake alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Akatoka na mkebe wa chumvi, akauweka mezani karibu na fimbo. Kifuniko kilikuwa kimeliwa, ukingo wake ukipukutika kama mkate mkavu.

"Nyinyi wawili mulishaona iki kifuniko?" akauliza. "Mi nabadilisha kila mwaka. Na hakijaona ata bahari, kiko mu jikoni kwangu. Siku tisa munangarisha spoku, akuna ata mumoja aliuliza mutu anayepika."

Shofere akacheka kidogo, bila kutaka. Fundi hakucheka.

"Mi sijawahi kuona bahari," alimwambia shofere. "Nilikubali kazi ya maji nisiyoyajua. Kosa ni langu, si la huyu." Kisha akachukua wembe, akakata uzi wangu mwekundu, akaubandua wote. "Lakini hii nitaitoa. Fimbo imekufa haivai jina la mutu."

Mfuko wangu wa nguo ulikuwa mdogo, na siku ile niliufunga niondoke. Sitadanganya nikasema ni uaminifu ulionirudisha. Nilikuwa nimeshafika barabarani, na jambo moja lilikuwa limenikaa kichwani: chuma gani chumvi haikili? Nilirudi kuuliza hilo tu.

"Sijui," fundi akasema. "Tafuta."

Tukampa shofere ahadi ya kuifunga upya, naye akatuachia fimbo na kutupa nafasi ya safari moja zaidi. "Ikirudi tena na kutu," alisema, "nitaichungia mbuzi, na nitamuambia kila mutu nani aliitengeneza."

Mke wa fundi akanipa chumvi na chupa za asali tupu. Nikachanganya maji yenye chumvi, nikatia kila chupa kipande chake cha chuma, nikazipanga juu ya ukuta mbele ya karakana. Kila asubuhi nilizimimina, nikaviacha vipande vipigwe na jua, jioni nikavirudisha. Spoku iliyovuliwa vanishi iligeuka kahawia siku ya pili. Ubavu wa mwavuli ulikufa kabla ya Ijumaa. Waya wa shaba ukawa wa kijani, alumini ikatoa unga mweupe.

Jirani yetu alikuwa mchomeleaji wa mageti, na kila alipopita alisimama.

"Leo munakula nini? Bado supu ya misumari?"

"Njoo na mukate," fundi akamjibu.

Kijiko cha mke wa fundi kilibaki kinang'aa, lakini hatukuweza kukikunja kiwe pete, na mwenyewe alikitaka. Siku ya kumi na mbili mchomeleaji alikuja na kijiti chembamba, akakitumbukiza mwenyewe kwenye chupa. "Baguette ya inox," alisema. "Nachomeleaga nayo ngazi za mapisini ya kuogelea kule Kiriri. Muache kunitia aibu na machupa yenu." Kijiti hicho cha kuchomelea, cha chuma kisichoshika kutu, huvaa ganda la unga. Ukiligonga kwa nyundo linapukutika, na ndani unabaki waya. Siku ya thelathini na tatu waya ule ulikuwa kama ulivyoingia.

Nikakunja pete saba mpya, nikaponda miguu yake iwe bapa, nikazifunga. Juu ya kishikio, fundi aliniambia niache mahali pa upana wa kidole bila uzi. "Tutaona," akasema.

Shofere akaja kuichukua, akaondoka nayo. Mimi nilikuwa sijawahi kungoja kitu chochote wiki tano. Niligeuza fimbo za watu wengine.

Aliporudi, fimbo ilikuwa na vumbi jeupe la chumvi kutoka ncha mpaka kishikio. "Sikuiosha," alisema. "Kusudi. Muone." Fundi akavaa miwani, akapitisha pamba ndani ya pete ya kwanza, akaiangalia kwenye mwanga. Nyeupe. Ya pili. Ya tatu akaipitisha mara mbili. Zote saba zilitoa pamba nyeupe. Alivuta droo, akatoa kile kijigurudumu cha uzi mwekundu, akakiweka mbele yangu.

Shofere alikula wali kwa mke wa fundi wakati nikifunga. "Na wale wa pwani?" nikamwuliza.

"Walinyamaza. Mumoja tu aliuliza nani aliitengeneza. Nikamuambia: fundi wa bwawa."

Alipokuwa akinawa mikono alinitazama. "We unayeuliza sana, njoo uone hiyo bahari yenyewe. Kiti kiko wazi. Naondoka saa nane."

Nilitaka kwenda. Hata sasa sijui chumvi hiyo inanukaje ikiwa baharini. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimepaka gundi fimbo ya mzee mmoja wa Kiriri, ilikuwa imelala kwenye vigingi, na tayari ilikuwa imenisubiri kupita kiasi. Nilimwuliza safari inayofuata ni lini. Kisha nikaenda kuigeuza, robo mzunguko.