Darubini Juu ya Paa

Fundi bomba alijiundia darubini kwa bomba la plastiki, na anga likiwa safi aliipandisha juu ya paa. Mama mshonaji, jirani yake, akaingiwa na shaka kwamba anachunguliwa. Jioni moja akamfuata hukohuko.

"Fundi, unatafuta nini madirishani mwa watu?"

"Karibu utazame, mama."

Akainama, akaona kijiwingu cheupe, hafifu.

"Humo mna nyota zisizohesabika," fundi akamweleza.

"Uongo! Umekibandika kwenye kioo."

Lakini kijiwingu kilikuwa kinahama polepole, hadi kikatoka kabisa.

"Umekisogeza!"

"Sijagusa kitu. Dunia ndiyo inayozunguka."

Mama akaguna. Kesho yake akarudi na mumewe awe shahidi, akamkataza fundi kusogea karibu, kisha akaing'ang'ania darubini mpaka mumewe akateremka bila kuona chochote.