Maji ya Farasi wa Jirani

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu Garissa kwa sababu ya farasi. Cheka tu, najua watu huenda Garissa kununua mbuzi au kuzika. Lakini mtoto huyu wa Nairobi alikuwa amefundishwa kupanda farasi mara tatu, pale nje ya jiji wanapofundishwa watoto wa wenye nazo, na mara ya nne nikashindwa kulipa. Alilia siku mbili. Ili kumtuliza nikamwambia kwamba mimi mama yake nilijifunza bila kutoa hata senti, na kwamba mwalimu wangu bado yu hai. Akauliza farasi yule yuko wapi. Nikasema alikufa kwa uzee. Huo ni uongo niliouanza nikiwa na miaka kumi, na ulimi umeshauzoea.

Mwalimu mwenyewe alikuwa jirani yetu, askari mstaafu aliyetunza farasi wa serikali huko bara karibu maisha yake yote. Alipostaafu, alirudi nyumbani na farasi mzee aliyeondolewa kazini, farasi akashushwa kwenye lori mtaani kwetu mbele ya umati. Wengi hatukuwahi kumwona mnyama huyo ila kwenye picha. Hatukumpa jina, tulimwita Faras tu, kwa Kisomali, maana hakukuwa na mwingine wa kuchanganywa naye.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kumpanda, nilisimama ubavuni mwake nikangoja apige magoti. Nilingoja kweli. Kwetu mnyama wa kubeba hupiga magoti kwanza. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika mguu akanirusha juu.

Bibi yangu aliyenilea hakupendezwa. Yeye alikulia nyuma ya ngamia upande wa Sangailu, na kwa watu wake anayebebwa na mnyama ni mgonjwa, kikongwe au mtoto mchanga. "Mwenye miguu mizima habebwi," alikuwa akiniambia huku akitikisa kibuyu cha maziwa kilichonukia moshi. Alinikubalia kwa sharti moja, nijilipie mwenyewe kwa jasho, asije jirani akasema tunakula vya bure.

Basi nikalipa kwa jasho. Alfajiri, kabla ya chuo cha Kurani, nilizoa mavi ya Faras kwa karai. Alasiri nilikata majani kwenye mifereji ya mashamba ya mtoni, nikarudi na mzigo kichwani na miiba ya ule mti wa mathenge kwenye visigino. Juu ya yote kulikuwa na maji: madumu mawili asubuhi na mawili jioni, nikiyamimina katika pipa lililokatwa nusu. Malipo yangu yalikuwa kupanda kwa muda wa kuchemsha birika la chai. Chai ikiiva, nashuka.

Muda huo haukutosha, kwa hiyo nilijifunza hata bila farasi. Nilifunga kamba kwenye komeo la mlango nikazoeza vidole vyangu kushika hatamu bila kuvuta kwa nguvu. Nilikaa juu ya gunia la mchanga mgongo wima, hadi bibi akauliza kama nimepagawa. Muuza maji wa mkokoteni alinikubalia nipande punda wake wakati wa kurudi mtoni, mapipa yakiwa matupu. Kwa punda yule nilianguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ndiye aliyenifundisha kukaa.

Jirani alinifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, Faras hajui Kisomali. P zake zote zilitoka kama b. Nikianguka alisema tu, "Banda tena." Na kila niliposhika dumu alirudia somo lake moja: "Faras siyo ngamia. Maji kidogo kidogo, kila siku."

Nilisikia. Nataka ujue hivyo, nilisikia vizuri sana.

Ukaja msimu wa kiangazi, ule tunaouita jilaal, mbaya kuliko yote niliyoyaona. Bomba la mtaa likakauka. Foleni ya mtoni ilianza alfajiri, punda na wanawake na madumu ya manjano, na majani yaliyobaki mashambani yalikuwa makavu ya kukatika mkononi. Wakati huo ndipo habari ilipokuja kwamba dada yake jirani ni mgonjwa mahututi huko Liboi. Aliondoka kwa siku nne. Aliniachia ufunguo wa zizi na kuniambia nipande nitakavyo, chai isinipimie tena.

Siku ya kwanza nilibeba maji yote. Siku ya pili nikaitazama foleni ile na nikafikiri. Ngamia wa bibi hukaa siku nyingi bila tone, kisha wakafika kisimani wakanywa mpaka wakatosheka, na bibi huwasifu kwa hilo kuliko anavyotusifu sisi. Mnyama mwema, alisema, ni yule asiyekuombea maji. Nikaamua Faras naye awe mwema. Muda wa kubeba maji nikauweka kwenye kupanda. Siku mbili nzima nilizunguka naye nyuma ya nyumba, na ndizo siku nilizojua hasa kupanda farasi. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na nasema hivyo kwa aibu.

Siku ya nne nikampeleka mtoni anywe mpaka atosheke. Alikunywa muda mrefu mno, nami nikasimama kando nikijivuna.

Adhuhuri alikuwa amelala chini, akigaagaa, akigeuza shingo kutazama tumbo lake. Muuza maji alikuja, tukamwinua, akaanguka. Alikufa jua likizama. Bibi alikuja zizini amejitanda shuka. Alichungulia lile pipa, akapitisha kidole ndani yake, kikatoka na vumbi. Alinitazama, akakifuta kidole kwenye nguo yake, akaenda kuswali. Hakunitajia jambo hilo mpaka anakufa, na mara nyingi nimetamani angenichapa.

Jirani alirudi asubuhi yake, amemzika dada yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimejiandaa. Lakini alinishika kichwa kabla sijafungua mdomo, akasema ni kadari ya Mungu, farasi alikuwa mzee, na mimi sikukosa hata siku moja. Akanipa hatamu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Sasa pale palipokuwa na zizi kuna vyumba vya kupangisha. Njia yetu ya mtoni imezibwa na ua wa mabati. Punda wamepungua, maji huja kwa tuktuk. Pipa bado lipo, fundi anachanganyia saruji ndani yake.

Jirani tulimkuta kitandani, macho yamefunga ukungu. Binti yangu alimsalimia, akamwita awoowe, yaani babu, kama nilivyomfundisha (mimi humwita adeer, yaani ami), akamwambia anataka kujifunza kupanda lakini pesa hakuna. Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wa mtoto.

"Besa si kitu. Uliza mama yako. Alikuwa anabea faras yangu maji kila siku. Hata mimi nikiwa Liboi."

Binti yangu alinigeukia kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Bibi hayupo, muuza maji hayupo. Amebaki mtu mmoja tu wa kuambiwa ukweli, na alikuwa kitandani mbele yangu.

Mzee akaomba maji. Nilimwinua kichwa nikaweka kikombe mdomoni mwake, nikakiinamisha. Akakisukuma taratibu kwa vidole viwili.

"Kidogo kidogo," akasema.

"Ndiyo, adeer," nikasema, na sikusema lingine.