Meno Yaliyochemshwa Siku ya Posa

Fundi wangu wa meno pale Gitega, mtaa wetu hapa Rwanda, alikulia Bujumbura, na majivuno yake yananizidi hata mimi, jambo ambalo si rahisi. Siku aliponikabidhi meno yangu mawili ya bandia, ya mbele, yaliyoshikwa na kibao cha plastiki ya rangi ya ufizi, aliyaangusha mezani makusudi ili nione hayavunjiki.

"Muzee, hii iko nguvu. Unakula nyama, unakula mahindi, hakuna shida. Rakini maji ya moto, hapana! Itarainika, ikipoa inabaki vile imepinda."

Nilimwambia nimesikia. Kusikia nilisikia, ila sikumsadiki. Nimelelewa Mwanza na mama aliyechemsha kila kitu, hata soksi, na mpaka leo kitu ambacho hakijachemshwa nakihesabu kichafu.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Kagarama kumposea mpwa wangu. Kwa desturi yetu kila upande una msemaji. Wa upande wa binti hutafuta kila kisingizio cha kuwakatalia wageni, kwa mzaha mzito, na wa upande wa mume lazima ajibu papo hapo. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Nusu ya ukoo ilipinga, ikisema Kinyarwanda changu kinanuka Tanzania na nitawaaibisha. Dada yangu, mama wa kijana, alinitetea peke yake. Basi nilitaka kinywa kisicho na doa. Asubuhi nikayatia meno kikombeni, nikayamwagia maji yanayotokota.

Sikio la kufa halisikii dawa. Kibao kilitoka kimejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Nikampigia fundi.

"Si nirikwambia?" akasema, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakata simu. Nilimchukia kwa dhati. Sikuwa na la kufanya, nikatafuna bigijii ikalainika, nikayabandika meno kwayo.

Yalishika wakati wa salamu. Yalishika niliposifu ukoo wetu. Nilipopaza sauti kutaja ng'ombe tuliowaleta, yakaruka, yakatua mkekani katikati ya koo mbili. Dada yangu akafunika uso kwa mikono. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, maana nilijua atakayelaumiwa ni yeye aliyenichagua.

Msemaji wao, mzee mwenye fimbo, aliyachungulia bila haraka.

"Wageni," akasema, "binti yetu anapika nyama vizuri sana. Hatuwezi kumpeleka kwenye ukoo unaomwaga meno. Huko kwenu nani atatafuna?"

Watu wote wakanigeukia. Bila kile kibao, ulimi wangu ulikuwa mwepesi ajabu.

"Mzee," nikasema, "ukoo wenye meno makali umeshakula ng'ombe wake wote. Sisi wetu bado tunawakamua, na maziwa hayatafunwi."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Binti tukapewa, na waliopinga Kinyarwanda changu ndio waliopiga makofi kuliko wote. Dada yangu akaja akaokota meno yangu mkekani, akayatia kwenye mkoba wake, akaufunga.

"Kaka," akaninong'oneza, "haya nitakurudishia wakishafunga ndoa."